Inuka kabla mgongo haujakwambia inuka

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita hapa Ngamiani, Tanga, kwa mafundi cherehani, madereva na wafanyakazi wachache wa maofisini. Tuliitwa na kikundi cha kina mama mafundi. Wengi hamkufika kwa sababu ya mvua, na tangu siku hiyo napigiwa simu "ulisema nini kuhusu vigoda", kwa hiyo nimeiandika yote kama nilivyoisema, na yale niliyoonyesha kwa mikono nimejaribu kuyaeleza kwa maneno.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi, mama zangu mafundi poleni na kazi.

Kabla sijasema kitu naomba tusimame. Wote. Najua mmekaa mnanisubiri, na ndo maana nasema msimame, wengine mko hapa tangu saa tatu na saivi inakwenda saa nne na nusu, nimewaangalia toka pale mlangoni nikaona zaidi ya nusu mmeshaanza kujipinda kwenye hivi viti vya plastiki, mmoja kaweka mkono kiunoni, mwingine kasogea ukingoni, mama yule wa kitenge cha kijani kamwegemea jirani yake. Simameni. Weka viganja viwili nyuma ya kiuno, vidole vinaelekea chini, alafu sukuma kiuno mbele na mabega yarudi nyuma taratibu, kama mtu anayetafuta embe lililoiva juu ya mti. Rudi. Tena. Mara tano. Usishindane na mwenzio. Haya, kaeni.

Mmeisikia hiyo "aaah"? Ukumbi mzima umesema aaah. Hamjapewa dawa, hamjachomwa sindano, hamjachuliwa. Sasa imetoka wapi?

Nani humu ndani mgongo au kiuno kimemuuma mwezi huu? Nyoosheni mikono. Mnaona? Ni rahisi kuhesabu ambao hawakunyoosha. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na ikifika 2050 linakadiria watakuwa milioni 843, na hakuna tatizo lingine la kiafya linalowatoa watu wengi kwenye shughuli zao kama hili. Kwa hiyo mama ukiambiwa umekuwa mvivu, au umetupiwa kitu na jirani, usikubali. Sisemi wote hao wanaumwa kwa kukaa. Wapo wanaobeba robota za mkonge, wapo wanaolima, uzito unachangia, sigara inachangia, mawazo na kukosa usingizi vinachangia. Lakini nyinyi niliokuja kuongea nanyi leo hambebi. Nyinyi mnakaa. Fundi anakaa, dereva anakaa, karani anakaa, mzee wa bao pale barazani anakaa kuanzia alasiri mpaka magharibi, hata mama anayekuna nazi anakaa, tena juu ya mbuzi, chini kabisa, kajikunja.

Nianze na mama yangu.

Mama yangu alikuwa fundi. Cherehani ya miguu, kibarazani kwetu Makorora, anashona sare za shule. Shule zikikaribia kufunguliwa mwezi wa kwanza nyumba ilikuwa inajaa vitambaa mpaka hatuna pa kulala, na yeye alikuwa anakaa tangu akishakunywa chai asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, hainuki. Nakumbuka namna alivyokuwa anainuka. Kwanza analisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alafu mkono wa kushoto juu ya meza, wa kulia anashika nguzo ya baraza, anavuta pumzi, anainuka nusu, na anabaki pale pale kwenye nusu kama mtu aliyerukuu, midomo kaifumba, kidogo kidogo ndo ananyooka. Mimi na dada yangu tulikuwa tunamwigiza. Watoto sisi, tunacheka. Leo nafanya kazi ya fiziotherapia, nyie mnatuita watu wa mazoezi, na kila wiki naona watu wanaoinuka vile vile, nusu, wanasubiri, alafu wananyooka, na kila akiinuka mmoja namuona mama.

Majirani walimwambia apunguze kazi. Mwingine akaleta mafuta ya karafuu. Mwingine akasema ni figo. Hakuna hata mmoja aliyemwambia mama, inuka inuka. Kazi aliyokuwa anafanya ilikuwa inamlisha, haikuwa adui yake. Kilichomuumiza ni kukaa masaa matano bila kuinuka.

Niwaeleze kwa nini. Huu mgongo una pingili, na zile zinazocheza ni 24, kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Katikati ya pingili na pingili kuna kitu kama mto mdogo, tunaita diski, ziko 23. Sasa hiyo diski kwa mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Misuli ina damu, mfupa una damu, diski kwa ndani haina. Itakula nini sasa?

Inakula kama dodoki. Dodoki ukilibana maji yanatoka, ukiliachia linafyonza maji mengine, si ndio? Ukitembea, ukiinama, ukinyooka, ukijigeuza, ile diski inabanwa na kuachiwa, inabanwa na kuachiwa, uchafu unatoka na chakula kinaingia. Ukikaa masaa matano, umelibana dodoki masaa matano hujaliachia. Usiku ukilala inafyonza tena. Na hili mafundi mnaweza kulihakikisha wenyewe kwa futi zenu, mpimeni mtu mzima urefu asubuhi akitoka tu kitandani alafu mpimeni jioni, mtakuta kapungua kama sentimita moja, wengine hata karibu mbili. Hajazeeka kwa siku moja, ni diski zimebanwa mchana kutwa. Na ndo maana pia asubuhi ile saa ya kwanza mgongo mgumu, diski zimejaa maji kweli kweli, kwa hiyo usikurupuke kitandani ukainama kubeba ndoo. Zunguka kwanza, pasha chai, fagia ukiwa umesimama, alafu ndo ndoo.

Na wala hili sio jambo la juzi. Mwaka 1700, daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, ambaye alikuwa na tabia ya kuingia kwenye karakana za mafundi na kuwauliza kazi zao, aliandika kuhusu mafundi viatu na mafundi nguo, kwamba kwa vile wanakaa wameinama wanapinda mgongo, wakitembea vichwa viko chini kama mtu aliyedondosha kitu anakitafuta. Miaka zaidi ya mia tatu iliyopita! Kule kwao! Na ukipita Ngamiani leo jioni mafundi wanapofunga utawaona. Yeye aliwashauri wafanye mazoezi angalau siku za sikukuu. Mimi nasema sikukuu ni mbali sana. Nataka kila nusu saa.

Nasikia mnaguna. "Kila nusu saa, na nguo za watu je?" Ngoja. Sikukwambia uende Raskazone ukatembee ufukweni urudi. Nimesema uinuke. Nusu dakika. Dakika moja. Haba na haba. Na usitumie saa ya ukutani kwa sababu utaisahau, tumia kazi yenyewe ikuinue. Fundi, bobini ikiisha uzi, inuka. Hiyo iwe sheria, bobini ikiisha sikai, nasimama, najinyoosha mara tano, ndo najaza uzi. Pasi usiiweke karibu na wewe, iweke upande wa pili wa chumba, kila mshono unaotaka kupigwa pasi utakuinua wenyewe. Wewe wa ofisini, acha kuweka chupa kubwa ya lita moja na nusu mezani, chukua kikombe kidogo, kikiisha unainuka kukijaza, na maji yakikolea utainuka tena kwenda chooni. Simu ikipigwa pokea umesimama. Wazee wangu wa bao nyie mna utaratibu mzuri tayari, anayefungwa anainuka, sasa na anayeshinda naye ainuke kidogo, asikalie ushindi mpaka magharibi.

Nakuja kwenye swali ambalo naulizwa kuliko yote. "Mkao sahihi ni upi?" Watu wanataka niwaonyeshe mkao mmoja, kifua mbele, mgongo kama rula. Jamani, hata huo wa rula ukikaa masaa matatu utaumia. Ila ipo mikao inayoumiza haraka, na mkubwa wao ni kuinama mbele. Daktari wa Sweden, Alf Nachemson, miaka ya 1960 aliingiza sindano ya kupimia presha ndani ya diski za watu walio hai, akakuta mtu akikaa presha iko juu kuliko akisimama, na akiinama mbele inapanda zaidi. Waliopima baada yake walikuta kukaa na kusimama havipishani sana kama alivyosema, lakini la kuinama walilikuta vile vile. Kwa hiyo swali langu kwako sio unakaaje. Swali langu, kwa nini unainama?

Na hapa ntawapa kisa cha mama mmoja fundi, ana miaka arobaini na kitu, alikuja kwangu kiuno kinamuuma na shingo imekaza kama mti. Ametumia dawa, amechuliwa, amenunua mkanda wa mgongo. Nikamfanyisha mazoezi wiki tatu, anapata nafuu Ijumaa, Jumatatu amerudi vile vile. Nikasema hapana, nataka nikaone unapofanyia kazi. Nikaenda. Chumba kidogo, mlango mmoja, cherehani imegeuzwa mgongo kwa mlango ili yeye awaone wateja wakipita, kwa hiyo mwanga wote unampiga yeye usoni, na pale kwenye sindano ni giza. Nikakaa pembeni nikamwangalia anashona. Kila akifika kwenye kona ya kola, uso unashuka, unashuka, mpaka pua iko kama shibiri moja na sindano. Nikamuuliza dada, ukiwa mbali huoni? Akasema naona, ila vizuri naona nikisogea. Na kutunga uzi? Akasema siku hizi anamuita mtoto amtungie.

Mnaelewa? Mgongo wake haukuwa na shida. Macho! Miaka arobaini na kuendelea macho ya karibu yanapungua kwa kila mtu, hilo ni kawaida, na yeye badala ya kuvaa miwani alikuwa anaupeleka mgongo wake kwenye sindano, mara elfu kwa siku. Tukaigeuza cherehani, mwanga wa mlango ukawa unaingia kwa ubavuni kushoto. Akaenda kupimwa macho akapata miwani ya kusomea. Kigoda chake kilikuwa kifupi, magoti yako juu kuliko nyonga, na ukikaa hivyo lazima kiuno kijikunje, seremala jirani yake akakiongezea miguu inchi tatu mpaka mapaja yakawa yanateremka kidogo kuelekea magotini na mguu bado unafika vizuri kwenye pedeli. Vitu vitatu. Mwanga, miwani, kigoda. Sikumpa zoezi jipya hata moja. Mwezi wa pili alinipigia simu akaniambia mwenyewe anatunga uzi.

Nawaomba sana mafundi, ukitoka hapa leo kaa kwenye cherehani yako na mwambie mtu akupige picha kwa ubavuni bila kukustua, uione. Utajifunza kuliko kwenye maneno yangu yote.

Wenye viti vyenye egemeo, chukua kanga ya zamani, ikunje, ivingirishe mpaka iwe nene kama mkono wako hapa chini ya kiwiko, uiweke kwenye lile bonde la kiuno. Makalio yaingie ndani kabisa, usikae ukingoni kama mgeni. Kompyuta iinuliwe hata kwa madaftari mpaka macho yakutane na sehemu ya juu ya kioo. Simu ilete usoni, usiupeleke uso kwenye simu. Na baiskeli, maana hapa Tanga kila nyumba ina baiskeli, ni mazoezi mazuri mno, ila siti ikiwa chini sana utaendesha umejikunja, ipandishe mpaka mguu ukiwa chini kabisa kwenye pedeli goti libaki limekunja kidogo tu.

Sasa madereva, msidhani nimewasahau.

Nimemtibu dereva mmoja wa basi la Tanga na Dar, kama kilomita mia tatu na hamsini kwenda, anarudi kesho yake. Maumivu yanaanzia kwenye kalio la kulia, yanashuka nyuma ya paja mpaka kwenye kigimbi. Kila mtu kamwambia mguu wa gesi huo, zoea. Alipokaa kitandani kwangu nikaona amekaa upande, bega moja juu. Nikamwambia kaka, toa kilicho mfukoni nyuma. Akatoa pochi. Jamani ile pochi! Leseni, vitambulisho, risiti za mafuta za tangu mwaka jana, hela za chenji, ilikuwa nene kama sabuni ya mche. Miaka kadhaa anakalia sabuni ya mche upande mmoja masaa sita kila siku. Nyonga imepinda, na mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu unapita pale pale chini ya misuli ya kalio. Tuliihamishia mfuko wa shati, pamoja na mazoezi ya kunyoosha nyonga, na baada ya wiki chache maumivu yakapanda juu, yakatoka kwenye kigimbi, yakabaki kalioni, alafu yakaisha. Na hilo mlikumbuke, maumivu yakiondoka mguuni yakarudi kiunoni hiyo ni dalili nzuri, msiogope. Yakizidi kushuka chini ndo ujue unachofanya hakikufai, acha.

Lakini kitu kikubwa nilichomfundisha yule kaka sio pochi. Nilimuuliza mkifika Segera mnafanya nini? Akasema abiria wanashuka kula, mimi nashuka namsaidia utingo kutoa mizigo kwenye buti. Nikasema hapo hapo! Mafundi mtanisaidia, lastiki ya sketi ukiivuta ukaiacha imevutika masaa matatu, ukiiachia inarudi palepale? Hairudi mara moja. Inalegea, inachukua muda. Basi na kano za mgongo ni hivyo, ukikaa umejikunja muda mrefu zinavutika, na ukishuka zinakaa kidogo kabla hazijashika tena kazi yake. Katika muda huo mgongo hauna kamba. Alafu wewe unainama chini kabisa ya buti unavuta gunia la machungwa ya Muheza! Dereva, ukishuka lizunguke basi mara mbili kwanza. Piga tairi mateke kama kawaida yenu, jinyooshe ile ya embe mara kumi, nunua maji. Dakika kumi, alafu ndo mizigo, na kama utingo yupo mwachie utingo.

Tusimame tena. Ndiyo, tena! Ile ile ya embe, mara tano. Mzee wangu pale mbele, wewe ukiona kurudi nyuma kunaleta ganzi miguuni usiifanye, wewe kaa tu uiname mbele kidogo, kwa baadhi ya watu wazima njia ya mishipa ya fahamu mgongoni inakuwa nyembamba na kuinama ndo kunawapa nafuu. Kila mmoja ausikilize mguu wake. Haya.

Jambo linalofuata ni gumu kwangu kulisema, ila nalisema.

Nilipoanza kazi hii alinijia mzee mmoja, karani wa stoo, mtu wa kukaa maisha yake yote. Mgongo umemshika ghafla. Mimi kijana, nimesikia kwa wakubwa kwamba mgongo dawa yake ni kulala, nikamwambia baba, lala wiki mbili, godoro litoe weka ubao, usiinuke ila kwenda chooni. Mzee mtiifu kweli, akafanya kama nilivyosema. Akarudi baada ya wiki mbili ameshikwa na wajukuu, mmoja kulia mmoja kushoto. Mapaja yamelegea. Maumivu yako palepale, na juu yake ameongezewa hofu, anaogopa hata kuinama kuvaa kiatu, anaamini akiinama kitu kitavunjika. Ilituchukua miezi minne kumrudisha. Miezi minne kwa sababu ya neno langu moja. Nimemuomba msamaha, na alinisamehe, lakini sijaacha kumsimulia kila ninapoalikwa kuongea ili mwingine asipewe ushauri ule.

Maana majibu yalikuwepo. Mwaka 1995 kule Helsinki, Finland, walichukua wafanyakazi wa manispaa 186 walioshikwa na mgongo, kundi moja likalazwa siku mbili, kundi la pili likapewa mazoezi maalum ya mgongo, kundi la tatu likaambiwa endeleeni na shughuli zenu kadri mnavyoweza kuvumilia. Waliopona vizuri zaidi ni hao wa tatu. Sio wa kitandani. Wanaoendelea na maisha, polepole, kadri maumivu yanavyoruhusu. Kwa hiyo mgongo ukikushika jilaze saa moja, sawa, kanda na maji ya moto, sawa, alafu inuka utembee mpaka kwa jirani urudi. Kesho mpaka msikitini. Kesho kutwa mpaka sokoni. Sisi watu wa pwani tuna msemo wetu, mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na mimi naona hata mgongo wake haukauki.

Na hofu nyingine inatoka kwenye picha za hospitali. Mtu anapigwa picha anaambiwa "pingili zimesagika", neno zito hilo, mtu anarudi nyumbani anajiona kama kinu kilichopasuka. Sikilizeni. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu 3,110 ambao hawaumwi mgongo hata kidogo. Wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na diski zilizochakaa. Wenye miaka 80, asilimia 96. Na hawaumwi! Kanga ukiifua miaka kumi inapauka, lakini haijachanika, na bado unajifunga. Picha ina kazi yake, ila isikutie kitanzini.

Kuhusu mikanda ya mgongo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kwa maumivu sugu hauipendekezi, kwa hiyo hela ya mkanda nunua viatu vya kutembelea. Na dawa za maumivu, hizi diklofenaki tunazonunua dukani kama karanga, zinapunguza maumivu kweli, lakini ukizimeza wiki baada ya wiki zinaharibu tumbo na figo, hasa ukiwa na presha, na alafu unakuja kusema mgongo ni figo kumbe figo umeziumiza mwenyewe kwa kutibu mgongo.

Nyumbani jioni fanyeni mawili tu. La kwanza, lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, inua kiuno juu kama daraja, hesabu mpaka tano, shusha, mara kumi. Makalio yanayokaliwa kutwa yanasahau kazi, hili linayaamsha. La pili, tembea. Dakika ishirini, thelathini, siku nyingi za wiki.

La mwisho na msikilize kwa makini, sio kila mgongo ni wa kukaa. Ukipata ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja, ukashindwa kuzuia mkojo au haja kubwa au mkojo ukagoma kutoka, au mguu ukaanza kupoteza nguvu, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku, usisubiri kukuche, usiende kuchuliwa. Ukiwa na homa za jioni, jasho usiku, unakonda bila sababu, na mgongo unauma hata umelala, nenda ukapimwe TB, maana TB inaingia mpaka kwenye pingili, na inatibika, na dawa zake ni bure. Umeanguka kwenye mti au pikipiki, umewahi kuugua saratani, nenda. Mama mjamzito, usinywe dawa ya dukani, njoo uulize.

Kuanzia Jumatatu saa tatu asubuhi ntaanza kupita kwa mafundi, naanzia Barabara ya Nane napanda. Sitaki hela. Tafuteni vipande vya mbao na kanga moja ya zamani, na mwenye miwani aliyoificha kwenye droo aitoe. Alafu nikifika msijiweke sawa kwa sababu mmeniona, endeleeni kushona vile vile mnavyoshona siku mteja amesimama mlangoni anataka nguo yake.